Blanketi Moja kwa Watu Wawili

Imbali, Pietermaritzburg
Tarehe 9 Novemba

Kwako Mama yangu mpendwa, MaMchunu,

Nakuamkia kwa magoti, Mama, japo mguu wa kulia bado haukunjiki sawasawa, nawe utausamehe. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nafuu, sukari imeshuka na macho hayakusumbui kama mwezi uliopita. Wifi Balungile amenieleza kwamba sasa unatoka nje asubuhi kuwaangalia kuku, na kwamba juzi ulimaliza uji wako bila kulazimishwa. Nilifurahi kusikia hivyo. Mwambie aendelee kukupikia ule wa mtama, asikutilie sukari hata ukimkaripia.

Mimi huku ni mzima, na nikisema mzima nina maana kwamba ninaamka, ninakula na ninashona. Msimu wa sare za shule umeanza, kwa hiyo cherehani haipumziki. Mguu uliovunjika ndio wa kukanyagia, lakini nimejifunza kutumia wa kushoto, na sketi zinatoka zimenyooka. Mama yangu mzazi anakusalimu sana. Anasema angekuja mwenyewe ila anaogopa kufika mahali ambapo binti yake hakaribishwi. Nimemkataza kusema hivyo, naye amesema tena.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako siku hizi huishika baba mdogo Mandlenkosi, na kila akisikia sauti yangu mtandao hukatika wenyewe. Barua hii nimempa Balungile mkononi. Nakuomba uisome mwenyewe, kwa miwani yako, mlango ukiwa umefungwa. Ukishamaliza, fanya nayo utakavyo.

Mama, Balungile aliniletea swali lako. Alilileta kama lilivyo, hakulipunguza makali. Alisema umesema hivi: mwanangu Nkanyiso alizaliwa chini ya milima ile, akachunga ng'ombe pale tangu hajang'oa meno ya utoto, akawa anawafundisha wengine kuipanda. Ilikuwaje basi yeye afe kwa baridi, na mwanamke wa mjini ashuke na blanketi? Akaongeza kwamba hutaniruhusu nivae nguo za msiba wake mpaka swali hilo lijibiwe.  Nilimkaangia mayai, akala, akaondoka na basi la saa nane.

Jibu ninalo, nimekaa nalo tangu Septemba. Nimechelewa kulitoa kwa sababu linamgusa yeye, na aliyekufa hawezi kujitetea. Linakugusa na wewe pia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sikutaka kukuongezea mwingine juu yake. Lakini naona kunyamaza kwangu kumekuumiza kuliko maneno, kwa hiyo nitasema yote kwa mpangilio, nianzie mezani kwetu.

Nilikuwa na mizani ya jikoni niliyoinunua kwa ajili ya keki. Keki haikupata kuiona. Nkanyiso aliiteka mwezi wa Sita, tulipokubaliana kwamba kabla ya harusi ya Desemba tutembee juu ya milima ya uKhahlamba wiki nzima, sisi wawili tu, tukibeba kila kitu mgongoni. Kila jioni akirudi kazini alivua viatu, akanawa mikono kama daktari, akaanza kupima. Alipima soksi. Alipima sabuni, akaikata nusu, akapima tena. Alitoa lebo kwenye mashati, akakata mpini wa mswaki wake, akavua majani ya chai nyuzi na vikaratasi vyake. Bandubandu huisha gogo, alikuwa akisema, huku makasi yangu ya kitambaa yakiharibika mikononi mwake. Mimi nilimjibu kwamba haba na haba nayo hujaza kibaba, na kibaba changu cha raha hakijafika hata nusu.

Maana unanijua, Mama, mimi ni mtu wa kupenda starehe, sifichi. Nilitaka godoro nene la sponji, nilitaka mto mdogo nilioujaza pamba, ndara za kuvaa jioni, kikombe changu cha bati na chupa ya achari ya embe. Shanta langu alilimwaga sakafuni mara tatu. Alikuwa na mafungu yake: hiki kinakwenda, hiki hakiendi, hiki tutaona. Cha tutaona kilikuwa hakiendi, ila kwa adabu. Alipoiona ile chupa aliishika shingoni kama kuku, akaniuliza, "Chupa ya kioo, Zibu? Unapanda mlima au unahama?" Nikamwambia nahama, maana nyumbani kwenyewe ameniachia nini. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Hatimaye tulisuluhishana. Achari iliingia kwenye mfuko wa plastiki. Mto ulibaki nyumbani, nikajaza nguo kwenye kifuko badala yake. Godoro alinipa la kupuliza, zito kidogo lakini laini, kwa sababu alisema mgongo wa fundi cherehani ni mtaji na lazima utunzwe. Yeye akachukua kipande chembamba cha sponji, unene wa kipande cha mkate. Hema alilibeba yeye, jiko la gesi alilibeba yeye, na sufuria. Kila alichoniongezea cha raha alikiondoa kwake. Nilikuwa sijaligundua hilo wakati ule, nilidhani ameshinda mabishano.

Unakumbuka tulipokuja kukuaga. Uliyatazama yale mashanta uani ukamwuliza, "Nimekujengea nyumba ya bati, mwanangu, ili ukalale chini ya jiwe?" Baba mdogo akasema zamani watu weusi walikimbilia milimani kwa vita, leo wanakwenda kwa hiari na wanapeleka chai. Nkanyiso alicheka kuliko wote. Kisha ukanichukua pembeni ukaniambia nimtunze. Nakumbuka ulivyonishika kiwiko, na najua nawe unakumbuka.

Sasa habari ya blanketi. Duka tunalonunulia vifaa ni la Bi Moodley, mama mmoja wa Kihindi ambaye amepanda milima ile tangu ujana wake na hana simile na mtu. Siku tuliyokwenda, mimi nilikuwa nimeshachagua changu: mfuko wa kulalia mwekundu, mnene, wenye zipu mpaka shingoni na kofia yake. Niliuingia palepale sakafuni dukani, nikalala, nikawaambia waniache hapo mpaka Krismasi. Ulikuwa mzito, sikatai. Nilisema nitaubeba mwenyewe, hata kwa kutambaa.

Nkanyiso akasema hapana. Akaelekeza ukutani, kwenye blanketi la manyoya ya bata la watu wawili, jembamba likikunjwa, linalofungwa kwa mikanda kwenye magodoro mawili yaliyounganishwa. Bi Moodley alimtazama juu ya miwani. Akasema, "Nkanyiso, wewe ndiye unayeniletea wageni hapa na kuwahubiria kila mtu na mfuko wake wa kulalia, kama kila mtu na mswaki wake. Leo umekunywa nini?" Na ni kweli, Mama, hiyo ndiyo sheria yao. Nimemsikia kwa masikio yangu akiwafundisha wapya wa kikundi chetu cha kupanda milima: hema mnaweza kugawana, jiko mnaweza kugawana, lakini joto kila mtu abebe lake, kwa sababu mlimani watu hutengana bila kuagana. Siku ile alimjibu Bi Moodley kwa tarakimu. Alisema kitu kimoja badala ya viwili, mashanta yanapungua uzito, magoti yanapona, tunatembea mbali zaidi. Bi Moodley akainua mikono akasema yeye ni muuzaji tu.

Nilinuna siku mbili. Mimi usingizini hujiviringisha, naiba shuka, na nilimwambia atalala uchi kwa ajili ya gramu zake. Niliwaambia rafiki zangu wa cherehani kwamba huyu anaoa mizani, mimi nimesindikiza. Kwa hiyo, Mama, pale msibani waliposema kwamba mimi mvivu wa mjini ndiye niliyekataa kubeba blanketi la pili, walikosea. Mimi nililitaka. Nililia kwa ajili yake dukani kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Tulipanda Jumatatu, mbingu imesafishwa. Siku mbili za kwanza zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopata kuishi, nalisema hili ili ulijue kuhusu mwanao. Alitembea mbele akiimba nyimbo za wachungaji ng'ombe, nyingine zina matusi, akageuka kuona kama nimecheka. Alinionyesha kutoka juu bati la paa la nyumba yako likimeta mbali kule chini. Alipungia mkono. Nikamwambia mama yako hakuoni, akasema yeye hajali, anapunga tu. Jioni tulikula uji mzito na nyama kavu na achari, na hiyo achari alikula nyingi kuliko mimi, yule aliyetaka kuiacha.

Jumatano asubuhi tulivuka kijito kidogo, cha kuruka. Jiwe lilikuwa na barafu nyembamba isiyoonekana. Niliteleza, mguu ukaingia kati ya mawe mawili, nikausikia ukivunjika kabla sijasikia maumivu. Hakunigombeza. Aliufunga kwa fimbo zake za kutembelea na skafu yangu, akanibeba mpaka chini ya jabali lililojiinamia, akarudi kuchukua mashanta. Alijaribu simu, hakuna mtandao. Hakuna aliyekuwa akitutarajia mpaka Jumapili. Saa sita upepo ukageuka kutoka upande wa Lesotho, ukungu ukatufunika, na mvua ya mawe ikaanza. Alisimamisha hema haraka, akanilaza kwenye godoro langu, akanifunika. Alasiri hiyo yote tulikuwa chini ya blanketi lile moja, na tulizungumza. Mazungumzo hayo nitayafikia, Mama, nivumilie.

Asubuhi ya Alhamisi nje kulikuwa kweupe. Theluji ya Septemba, ambayo wazee wa kwenu husema ndiyo inayoua wana-kondoo. Mguu wangu ulikuwa umevimba na kuwa wa buluu, na nilikuwa natetemeka hata nikiwa nimefunikwa. Akasema atakwenda. Nikamwambia basi achukue blanketi. Akasema hema bila blanketi ni kitambaa tu, mimi siwezi kusogea na mtu asiyesogea ndiye anayeganda, yeye anatembea, na anayetembea ana moto wake. Nikamwambia akae tusubiri wote. Akautazama mguu wangu akasema mguu huu hauwezi kusubiri Jumapili.

Ndipo nikasema tulikate. Mimi ni fundi, Mama, kukata ndiyo kazi yangu. Nilikichukua kisu chake kidogo, nikalikunja blanketi katikati nipate mstari. Alinishika mkono. Akaniambia mle ndani hamna pamba, ni manyoya matupu, nikilichana upepo utayapeperusha yote bondeni kama kuku aliyenyonyolewa, na tutabaki na vitambaa viwili visivyo na kitu ndani. Nilijua anasema kweli, nilikuwa nimeuona mshono. Hata hivyo nilipigania kile kisu. Alikivuta taratibu kutoka vidoleni mwangu, akakifunga, akakitia mfukoni mwake. Mpaka leo, nikikata kitambaa, mkono huo husimama kidogo.

Alivaa koti lake la mvua na kofia ya sufu, akanijazia maji, akaniwekea jiko karibu na kiberiti, akaenda. Alikuwa na shanta tupu, jepesi kama alivyolipenda siku zote.

Waokoaji walinieleza yaliyofuata. Alifika kwenye bega la mlima ambako simu hushika, akapiga. Aliwaeleza mahali nilipo bila kukosea hata kidogo, akasema nina mguu uliovunjika, nina hema, nina blanketi, waje kwangu kwanza. Walipomwuliza yeye yu salama, akasema yu salama, anatembea. Mama, haikuwa kweli. Alikuwa ameshalowa mpaka mwilini, na ukungu ulikuwa umemfunga. Helikopta haikuweza kuruka siku ile. Ijumaa ilipokuja, walinichukua mimi nikiwa na joto, nikauliza Nkanyiso yuko wapi, wakaniambia anashuka kwa miguu upande wa pili. Hospitalini ndiko nilikoambiwa ukweli. Walimkuta ameketi nyuma ya jiwe, amejikinga na upepo, zipu imefungwa mpaka juu. Nilimwuliza daktari kama aliumia. Alisema baridi ikishafika hapo mtu husinzia tu. Nakupa neno hilo kama nilivyopewa. Kama angekuwa na chake cha kujifunika, angeketi palepale nyuma ya jiwe mpaka asubuhi, akashuka akikuletea hadithi. Najua hivyo, na kila aliyepanda mlima ule anajua hivyo.

Kisha tukaja kuzika. Wewe ulikuwa umekalia godoro chumbani, umefunikwa, wanawake wanaingia mmoja mmoja kukuliza na kukunyamazisha. Nilitaka kuketi karibu nawe. Baba mdogo aliniambia pale ni pa wenye msiba, na mimi harusi yangu haikufika. Nikawekewa kiti cha plastiki kwenye turubai la wapishi, mguu wenye plasta umepandishwa juu ya kreti la soda. Hapo nikasikia yote. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikoroga sufuria ya wali alisema, wala hakushusha sauti, kwamba mke wa kweli angeshuka na jeneza, huyu kashuka na blanketi. Baba mdogo akasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Nilimenya viazi. Ndoo nzima nilimenya, Mama, kwa sababu mikono ikikaa bure ningesema neno, na neno hilo lingekuwa kwamba Nkanyiso ndiye aliyelichagua blanketi. Sikutaka kulisema mbele ya jeneza lake na wewe ukisikia kupitia ukuta.

Sasa nakuja kwenye jibu. Naona haya kukuandikia mambo ya blanketi mimi ambaye napaswa kuinamisha uso mbele yako, lakini sina njia nyingine.

Alasiri ile ya Jumatano, mawe yakipiga hema, nilimkaripia. Maumivu yalinifanya niwe na mdomo mchafu. Nilimwambia haya yote yameletwa na gramu zake, kwamba tungekuwa na mifuko miwili angechukua wake akaenda bila wasiwasi, kwamba mtu aliyekata mpini wa mswaki atatukata na sisi. Alinivutia blanketi mpaka shingoni. Kisha akasema haikuwa gramu. Akaniambia kwamba siku ile dukani, mimi nikiwa najaribu buti, Bi Moodley alipima kila kitu mbele yake: lile blanketi la wawili pamoja na mikanda yake na kitambaa chake cha chini, kisha mifuko miwili myepesi. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko achari yangu. Alijua. Alinidanganya kwa kutumia mizani kwa sababu mizani ndiyo niliyozoea kuiamini kinywani mwake.

Nikamwuliza, basi kwa nini.  Akasema alipokuwa mdogo nyumbani kwenu kulikuwa na mablanketi mpaka darini. Kila Krismasi marehemu Baba alirudi kutoka migodini Johannesburg na jipya, zito, lenye picha ya chui au ya tausi, na watu wakaja kulishika na kulisifu. Kila Januari akaondoka. Akasema ulikuwa unajifunika matatu, na bado alikusikia ukigeukageuka. Na asubuhi moja ya majira ya baridi aliingia kukuomba kiberiti, akakuta umeliviringisha blanketi moja kwa urefu, umelilaza upande wa ukutani, mahali pa mtu, na mkono wako uko juu yake. Alirudi nyuma, akafunga mlango polepole usijue. Hakukuambia kamwe. Alisema siku ile aliapa kwamba yeye na mkewe hawatakuwa na mablanketi mawili, si nyumbani, si safarini, si popote. Dukani aliona haya kulisema mbele ya Bi Moodley, akasingizia uzito.

Hilo ndilo jibu la swali lako, Mama. Hakuwa mjinga, wala hakusahau sheria aliyoifundisha. Aliivunja akiijua.

Sikukuandikia ili ujilaumu. Ulikuwa mke kijana uliyeachwa peke yako kwenye baridi ya milima, na ulilala ulivyoweza. Wa kulaumiwa hapo simwoni, labda ile migodi, nayo haisomi barua. Kama kuna mtu ninayemkasirikia ni yeye mwenyewe, na nasema wazi, namkasirikia kila siku. Angeniambia ukweli pale dukani ningemwambia, baba, nyumbani tutalala chini ya blanketi moja mpaka litoboke, lakini mlimani kila mtu abebe lake. Angecheka, tungenunua ule mfuko mwekundu, na leo ningekuwa nashona gauni langu badala ya sare za watoto wa watu. Nampenda na namkasirikia, na vyote viwili havipungui.

Wala siandiki ili nipewe nguo za msiba. Ukiona zinanifaa, nitazivaa mwaka mzima na nitazifua kwa mkono. Ukiona hazinifai, sitabishana nawe, nitamlilia nikiwa na nguo zangu za kawaida, hata machozi hayaulizi umevaa nini.

Kuna jambo moja limebaki, na hili sijamwambia mtu, hata mama yangu. Alhamisi asubuhi, akiwa anafunga kamba za buti, aliniambia kwamba ulikuwa umeshachagua jina utakaloniita siku utakaponipokea kama makoti, bibi harusi mpya wa ukoo, nyumbani kwako, na kwamba ulimwambia yeye peke yake na kumkataza asilitamke kabla ya harusi. Akalitamka. Nadhani alitaka anipe kitu cha kushika akiwa hayupo, au labda alijua. Nimsamehe kwa niaba yako, alisema, nami nimemsamehe kwa hilo angalau. Ni jina zuri, Mama. Sikujua kwamba uliniona hivyo. Mle hemani nilijiita kwa jina hilo kwa sauti siku nzima ili nisilale, na ndilo nililowaambia waokoaji waliponiuliza naitwa nani. Tangu hapo sijalisema tena, wala sitaliandika hapa, kwa sababu jina la makoti hutoka kinywani mwa mama mwenye nyumba, na anayelitwaa mwenyewe ni mwizi.

Nisalimie wifi Balungile, mwambie mayai yapo siku zote. Wasalimie kuku na wale ng'ombe wawili ambao Nkanyiso alisema ni wangu. Na baba mdogo pia msalimie, akikubali. Mungu akulinde na baridi, Mama, na akupe usingizi.

Ni mimi, kwa heshima na mapenzi, ambaye bado naitwa

Zibuyile Shezi